Saa ya babu yenye enameli usianze kuipeleka kwenye moto

Lalamiko hili tunalisikia kila mara hapa dukani, Mji Mkongwe: "Fundi, saa ya mkononi mnaisafisha siku moja, hii ya marehemu babu mnaikalia wiki kadhaa na pesa zote hizo. Saa si saa tu?" Juzijuzi mteja mmoja alifika mbali zaidi, akawaambia watu kuwa tumemtapeli. Kwa hiyo naeleza hadharani, maana kesi yake si ya kwanza.

Saa yake ni ya mfukoni, ya dhahabu, mgongoni ina maua ya enameli ya waridi kwenye uwanja wa buluu. Bawaba ya kifuniko ililegea. Tulimtajia bei, akaona tunamkamua, akaenda kwa sonara wa moto wa gesi akalehemiwa papo hapo kwa bei ya chai. Bawaba ilishika kweli. Lakini buluu yote ya upande ule ilijaa nyufa, na ua moja likabanduka, ikabaki dhahabu tupu. Akarudi kwetu anataka ua lake kwa bei ileile ya mwanzo. Tulipomwambia haiwezekani, ndipo tukawa matapeli.

Enameli si rangi ya kupaka. Ni kioo kilichosagwa kikawa unga, kikatandazwa juu ya dhahabu na kutiwa kwenye tanuri la nyuzi joto 800 hivi mpaka kikayeyuka na kushikana nayo. Mafundi wa Geneva, waliosifika kwa kazi hii, walikuwa wakitia rangi na kuchoma, wanatia nyingine wanachoma tena, na kosa la mara ya mwisho lilikula kazi yote ya nyuma. Sasa wewe ukipeleka moto upande mmoja, dhahabu inatanuka kwa kiasi chake na kioo kwa kiasi chake. Kinachopasuka ni kioo. Sisemi vibaya juu ya masonara. Kwa mikufu na bangili siwawezi hata kidogo. Ila saa ya enameli haitaki ule moto wao. Na mara nyingi kilichokatika ni kile kipini cha ndani ya bawaba tu: kinasukumwa nje, kinachongwa kingine, kinarudishwa, moto hauhusiki. Palipobanduka tunaziba kwa resini ya rangi inayoganda bila kuchomwa, na kwenye risiti tunaandika kuwa pale si enameli ya asili. Anayekuahidi itarudi kama mwanzo kwa bei ya chai, muulize atachoma kwa tanuri gani.

Ndani nako kuna njia za mkato. Watu hutia mafuta ya cherehani, wengine ya nazi, saa ikatembea, wakafurahi. Miezi kadhaa baadaye mafuta yamekuwa gundi, yameshika vumbi, na lile vumbi linasaga ncha za ekseli kila sekunde. Ncha ikishaliwa, hakuna duka la spea litakalokuuzia. Inachongwa kwa mkono, moja moja, chini ya lenzi. Hapo ndipo wiki zinapokwenda, na pesa pia. Bei yetu siionei haya.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni polishi. Familia moja ya hapa mjini ilileta saa ikisema babu yao alizawadiwa na Sayyid Said. Nilifungua kifuniko cha ndani, nikaweka lenzi: kichwa kidogo cha mwanamke, Helvetia, alama ya Uswisi ya dhahabu ya karati 18 iliyokuja na sheria yao ya mwaka 1880. Sayyid Said alifariki 1856. Wazee walinyamaza, kisha mama mmoja akasema, "Basi labda ni Sayyid Barghash." Barghash alitawala mpaka 1888, kwa hiyo alama haimkatai, ingawa haimthibitishi. Pembeni palikuwa na michoro ya sindano, herufi na tarakimu ndogo sana, saini za mafundi waliowahi kuifungua saa ile. Kwa alama na namba za saa ndiyo unaanza kuifuatilia. Wiki chache baadaye ikaja nyingine, ya ukoo mwingine, ndani inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Kijana wa nyumbani aliipiga polishi ili ipendeze harusini. Hakuna kilichosalia cha kusoma.

Kwa hiyo ukiwa nayo, usiisugue, usiijaze ufunguo kwa kuijaribu kama imelala miaka, wala usiiache itumbukizwe kwenye mashine ya kuosha vito, maana maji huingia kwenye nyufa. Ifunge kwenye kitambaa cha pamba uilete ilivyo, pamoja na ufunguo wake na karatasi yoyote iliyokuwa nayo kabatini. Bei tunaiandika kabla hatujagusa skrubu. Tukikuta ubovu zaidi tunakupigia simu kwanza, na kila kipande tulichobadilisha unarudishiwa kwenye bahasha.