Matuta ya Viazi ya Ireland: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Galway. Umeniandikia kwamba wakulima wadogo wa Ireland waliangamia kwa njaa kwa sababu hawakujua kulima. Hapo siafikiani nawe, na kwa kuwa unasomea kilimo, heri nikueleze walivyofanya kazi yao.

Magharibi ya nchi hii mvua ni nyingi mno, na udongo ama umejaa maji ama ni mwembamba juu ya mwamba. Kuanzia Sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, mkulima alitandaza samadi au mwani juu ya nyasi zenyewe, ukanda wa upana wa mita moja hivi, akapanga juu yake vipande vya viazi, kila kimoja na jicho lake, kisha akakata kwa sepeto tabaka la nyasi la pande zote mbili na kulipindua likafunika mbegu, nyasi zikilaliana na nyasi, likawa tuta. Palipokatwa pakawa mfereji wa kutoa maji, na zile nyasi zikaoza zikawa mbolea. Katika visiwa vya Aran, baharini karibu na hapa Galway, kwenye mwamba mtupu, watu waliutengeneza hata udongo wenyewe kwa mchanga na mwani. Huo ndio ujinga wa kilimo?

Balaa lilitoka kwingine. Familia zilibanwa kwenye vipande vya kukodi, nafaka na nguruwe wakauzwa ili kumlipa mwenye ardhi, na viazi pekee ndivyo vilivyotosha kulisha watu wengi katika eneo dogo. Kibarua mwanamume aliweza kula kilo 5 kwa siku. Maskini walipanda zaidi aina moja, Lumper, iliyozaa hata penye udongo duni, na kwa kuwa mbegu ya kiazi ni kiazi chenyewe, hapakuwa na tofauti ya damu baina ya shamba na shamba. Bakajani, ugonjwa unaoozesha majani na viazi vyenyewe, ilipoingia mwaka 1845 haikukuta kizuizi. Watu wapatao milioni 1 walikufa, na wengine kama hao wakahama.

Mwishoni mwa karne hiyo wakulima walianza kupulizia mrututu, yaani chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, uliochanganywa na magadi ya kufulia. Dawa hiyo hukinga tu, haiponyi, ndiyo maana hadi leo idara ya hali ya hewa ya hapa hutangaza tahadhari ya bakajani kila joto na unyevu vinapokutana, ili watu wawahi kupulizia.

Ni mimi baba yako.