Wanafunzi wafundishwe hesabu ya kura

Mhariri,

Kila uchaguzi unapokaribia, kurasa za wanafunzi magazetini hujaa maelezo yale yale: maana ya demokrasia, mihimili mitatu ya dola, chama tawala na upinzani. Mwanafunzi hukariri, akajibu mtihani, akafaulu. Lakini mpe fomu ya matokeo ya kituo kimoja tu, umuulize nani kashinda na kwa asilimia ngapi, uone atakavyobabaika. Tunaomba gazeti lako lianzie kwenye namba, maana ugomvi mwingi wa uchaguzi huzuka hapo.

Liko kosa linalorudiwa hata na watangazaji: kwamba mgombea anayetakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura lazima afikishe asilimia 51. Tuseme walioandikishwa ni 20,000, waliojitokeza 12,000, kura zilizokataliwa 400. Kura halali ni 11,600, nusu yake 5,800, kwa hiyo 5,801 zinatosha. Aliyepata 5,900 kashinda, ingawa asilimia 51, yaani kura 5,916, hakuifikia. Sasa chukua hizo 5,900 uzigawe kwa 12,000 badala ya 11,600. Mshindi anashuka hadi asilimia 49.2, na duru ya pili inabisha hodi. Kabla ya kubishana juu ya asilimia yoyote, basi, mwanafunzi aulize: asilimia ya nini? Nchini Kenya mwaka 2013 swali hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliamua kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe katika kukokotoa asilimia za wagombea urais.

Kura iliyokataliwa nayo huchanganywa na karatasi iliyoharibika. Karatasi iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura kaikosea, akairudisha kwa msimamizi kabla ya kuitumbukiza, akapewa nyingine. Haiingii sandukuni kamwe. Kura iliyokataliwa imo sandukuni, ila haiwezi kuhesabiwa: ina alama kwa wagombea wawili, haina alama kabisa, au haina muhuri rasmi pale sheria inapoudai. Tofauti hii ndiyo inayowezesha kituo kujikagua. Kituo kilichopokea karatasi 600, kikabakiwa na 171 ambazo hazikutumika na 4 zilizoharibika, sharti kikute 425 sandukuni. Zikiwa 11 zimekataliwa, kura za wagombea wote zijumlike 414, si zaidi wala pungufu. Wakikuta 423, huenda watu wawili waliondoka na karatasi zao mfukoni au, kukiwa na chaguzi kadhaa siku moja, walizitumbukiza kwenye sanduku la jirani. Wakikuta 427, huenda karatasi za sanduku jingine zimeingia humo, huenda mtu kapenyeza zake, au labda aliyehesabu kachoka tu. Hatua ya kwanza ni kuhesabu upya mbele ya mawakala wa vyama, kabla fomu haijatiwa saini. Wakala asiyejua kujumlisha safu hizi hana faida kituoni hata akikesha.

Kura zikishahesabiwa, bado hazijawa viti. Mahali ambapo mwenye kura nyingi zaidi jimboni ndiye mbunge, wagombea watatu wakipata 3,800, 3,400 na 2,800, wa kwanza anaingia bungeni ilhali wapiga kura 6,200 walimtaka mwingine. Hilo si wizi. Ndivyo mfumo ulivyoundwa, na sifa yake ni kwamba kila eneo lina mtu mmoja wa kumuuliza. Ila majimbo yakirundikana upande mmoja, picha ya taifa hupinda. Lesotho mwaka 1998 chama kimoja kilipata takriban asilimia 60 ya kura na kuzoa viti 79 kati ya 80. Fujo zikafuata, majeshi ya nchi jirani yakaingia, na sehemu kubwa ya mji mkuu, Maseru, ikaungua. Kufikia uchaguzi wa 2002 nchi hiyo ilikuwa imeongeza viti 40 vya kusawazisha uwiano, yaani kufanya viti vya kila chama vikaribiane na sehemu yake ya kura, juu ya vile 80 vya majimbo.

Uwiano wenyewe una hesabu yake, na hapa ndipo walimu wengi huruka ukurasa. Tuseme vyama A, B na C vimepata kura 48,000, 30,000 na 22,000, na viti ni vitano. Kwa njia ya D'Hondt, kura za kila chama hugawanywa kwa 1, 2, 3 na kuendelea, kisha huchukuliwa majibu matano makubwa kuliko yote: 48,000 (A), 30,000 (B), 24,000 (A), 22,000 (C) na 16,000 (A). A anapata viti vitatu, wenzake kimoja kimoja. Kwa njia ya Sainte-Laguë vigawanyo ni 1, 3, 5. Majibu makubwa sasa ni 48,000, 30,000, 22,000, 16,000 na 10,000, na hilo la mwisho ni la B. Kiti kimoja kimehama kutoka A kwenda B bila mpiga kura hata mmoja kubadili mawazo. Chama kikubwa kinapoitetea D'Hondt kwa nguvu zote, mwanafunzi ajue kinatetea nini.

Nchi nyingi huweka pia kiwango cha chini ambacho chama kisipokifikia hakipati kiti cha uwiano. Ujerumani ni asilimia 5. Uturuki ilikuwa 10, na mwaka 2002 vyama viwili tu vilikivuka, hivyo karibu nusu ya kura zote nchini hazikuzaa mbunge.

Kuhusu vyama, tungependa wanafunzi waonyeshwe orodha ya wagombea ambayo chama hupeleka kugombea viti vya uwiano. Penye orodha iliyofungwa, yaani mpiga kura huchagua chama tu wala hawezi kubadili mpangilio wa majina, chama kikipata viti vitatu wanaoingia ni watatu wa juu, na aliyepanga majina ndiye aliyechagua wabunge. Kwa hiyo mkutano wa chama unaopanga orodha hiyo ni uchaguzi ndani ya uchaguzi, ingawa magazeti huupa aya mbili ukurasa wa ndani.

Ombi letu ni dogo. Chapisheni fomu ya kubuni ya kituo kimoja yenye safu za karatasi zilizopokelewa, zilizobaki, zilizoharibika, kura zilizokataliwa, kura halali na kura za kila mgombea, na ndani yake mfiche kosa moja la kujumlisha. Jibu litoke wiki inayofuata.

Walimu wa somo la uraia