Eneo la machujio ya maji ya zamani lisikatwe fremu kabla hatujaulizwa

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hili eneo la machujio ya maji ya zamani hapa mtaani kwetu Mbeya, huku juu upande wa mlima Loleza, maana wiki hizi wapimaji wamepita na kamba na bikoni zao na hakuna mtu wa mtaa aliyeambiwa wanapima nini. Tunasikia vijiweni tu kwamba mbele zitapangwa fremu za maduka zinazoangalia barabara na nyuma vikatwe viwanja viuzwe. Mimi sipingi eneo kuendelezwa, limekaa pori miaka mingi mno, ninachopinga ni kupangiwa kimya kimya wakati sisi ndo tunapakana nalo ukuta kwa ukuta.

Kwa asiyelijua, ni yale machujio ya mchanga ya kizamani. Maji yalikuwa yanashuka yenyewe kutoka mlimani bila pampu, yanatulia juu ya mchanga halafu yanapenya polepole sana, na pale juu ya mchanga kunajitengeneza utandu wa vijidudu ambao ndo unaokula vimelea vya magonjwa, yani kazi kubwa ilikuwa inafanywa na ule utandu, ukizidi kuziba wanakwangua mchanga wa juu wanauosha. Chini yake kuna matangi ya zege ambayo mpaka leo kuta zake zimesimama vizuri tu. Pakafungwa, wezi wa vyuma chakavu wakaingia, valvu zikaondoka, ngazi zikaondoka, mpaka mifuniko ya chemba.

Hiyo mifuniko ndo inanikosesha usingizi. Chemba ziko wazi na majani yamezifunika, na watoto wanacheza mpira humo humo kwa sababu uwanja mwingine hawana. Mvua zilizopita mtoto wa jirani yangu alitumbukia maji yakamfika kifuani, vijana wa bodaboda ndo walimvuta kwa mpira wa kufungia mizigo. Tulienda ofisi inayohusika tukaambiwa andikeni barua, tukaandika, mashimo yako vile vile.

Sasa mtaa unahitaji nini? Nitaanza na akina mama wa mboga na ndizi. Wanapanga bidhaa juu ya mtaro kabisa, gari kubwa likipita wanabeba mabeseni wanarudi nyuma, likishapita wanapanga tena, na choo wanaenda kuomba kwenye nyumba za watu. Hao ukiwajengea fremu hujawasaidia, fremu inataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo na mtaji wa mama ni ndoo mbili za nyanya. Wanahitaji vizimba vyenye paa la bati, choo cha umma na bomba la maji, ushuru walipe kwa siku kama wanavyolipa sasa hivi. Watoto wapewe uwanja hapo kwenye tambarare katikati.

Halafu matangi yasibomolewe yote jamani. Kuanzia Novemba mpaka Aprili maji ya mvua yanatoka mlimani kwa kasi, mitaro haiyatoshi, yanaingia vyumbani kwa watu wa chini. Tangi moja lingeweza kuyapokea kwanza yakatoka taratibu, na lingine likawekwa maji ya zimamoto. Hapa Mbeya hatuhitaji kufundishwa habari ya moto, soko la Mwanjelwa liliungua 2006, la SIDO 2011 na tena 2017, watu wakabaki na madeni ya benki bila hata meza ya kuanzia. Kuwa na akiba ya maji jirani na vizimba ni kitu cha maana sana.

Najua halmashauri inataka mapato na ni haki yake. Fremu chache upande wa barabara sina shida nazo kabisa, ila zisimeze eneo zima. Na kama wanadhani kutuzunguka kutaharakisha mambo waangalie Washington kule Marekani. Machujio yao ya McMillan, ya mchanga vile vile kama haya yetu, yalijengwa 1905 kwenye ekari 25, jiji likayanunua 1987, na eneo likakaa ndani ya uzio zaidi ya miaka 30 jiji na wakazi wakivutana mpaka mahakamani kuhusu kijengwe nini. Sydney nako kuna tangi la Paddington la 1866, liliachwa, likageuzwa gereji, paa likaja kuporomoka, ila tangu 2009 ni bustani ya wazi, kuta za zamani wameziacha na watu wanapumzika humo. Kwahiyo inawezekana.

Tunachoomba ni hiki. Ramani ya huo mradi ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, siyo ile michoro ya kitaalamu ambayo mtu wa kawaida haielewi. Uitishwe mkutano mkuu wa mtaa kabla bikoni hazijawa misingi ya nyumba, na uitishwe jioni au Jumapili mchana baada ya ibada, siyo asubuhi ya siku ya kazi akina mama wakiwa sokoni. Diwani awepo na mtu wa ardhi awepo, wajibu maswali. Udongo na mabomba yapimwe kwanza, maana mabomba mengi ya zamani yalikuwa ya asbesto, na vumbi lake likivutwa ni hatari kwa mapafu, hatutaki katapila lije kuyasaga huku tumefungua madirisha.

Mifuniko ya chemba haina haja ya kusubiri mkutano wala mchoro. Fundi wa zege wa hapa hapa mtaani anaimaliza ndani ya siku chache, sementi na nondo tuko tayari kuchangishana, tunachosubiri ni ruhusa tu ya kuingia mle ndani tukazibe.

Mkazi, Mbeya