Angalia skeli kwanza

Umoja, Nairobi

Mwanangu,

Salamu. Sisi huku wazima. Mwalimu wako wa hesabu alinitumia picha ya karatasi yako ya mtihani wa mwigo, na tangu hapo kila nikipumzika pale mjengoni naitazama kwenye simu.

Mstari wa grafu umeunyoosha, penseli umeichonga vizuri, hapo sina neno. Lakini mteremko ukaandika 1.5. Umeitoa wapi? Nimefuata kwa kidole: umehesabu miraba, mitatu kwenda juu, miwili kwenda kulia, ukagawanya. Na kila mraba wa x ni 10, wa y ni 20! Pointi zako ni (10, 40) na (30, 100). Y imepanda 60, x imesonga 20, jibu ni 3. Skeli hiyo umeiandika pembeni kwa mkono wako mwenyewe. Mbona basi hukuisoma?

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni Novemba. Angalia skeli kwanza.

Mstari wa pili unashuka ukienda kulia, na jibu lako halina alama ya kutoa. Ukianza na y ya pointi hii, anza na x ya pointi hiyohiyo. Ukizichanganya, alama inageuka. Tena chagua pointi zilizo mbalimbali, zilizolala juu ya mstari wenyewe, si zile krosi za jedwali zilizoukwepa.

Nawe ni mtoto wa fundi! Paipu ya choo ya inchi nne naishusha sentimita mbili na nusu kila mita, yaani mteremko wa moja kwa arobaini. Nikikosea, ploti nzima itajua kwa harufu. Mama yako anasema likizo ile ningekueleza hayo badala ya kukutumatuma saruji. Labda.

Ile A ya Kiswahili nimemwonyesha jirani, hata hakuwa ameuliza. Kwa hivyo si akili, ni haraka. Skeli, mwanangu.

Gesi imeisha, tunapikia makaa. Viatu vyako vya zamani amevichukua mdogo wako, usimgombeze. Rula uliyoomba nimeipata, ya sentimita thelathini. Nitampa dereva wa matatu Ijumaa pamoja na pesa kidogo ya matumizi. Nenda uichukue steji kabla ya saa kumi, na ukishaipata rudia lile swali uniambie umepata ngapi.

Babako