Hakuna aliyemtuma yule mamba: barua ya wazi kwa vijana wa ukingo wa Rufiji

Wajukuu zangu,

Ile video yenu nimeiona. Mmeitumiana mpaka imenifikia mimi nisiye na makundi ya simu. Nimewaona mkifukua mchanga kwa majembe na kuyaponda mayai ya mamba kwa visigino, na mmoja wenu akainua juu kitoto ambacho hakijakomaa, kiini cha yai bado kinaning'inia tumboni. Mnashangilia. Na jua halijazama, mkaenda kusimama mlangoni kwa bibi mjane, mkimwita mchawi aliyemtuma mamba, mkamtaka amtaje mamba wake.

Uchungu wenu naujua. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba kile kilichopatikana cha yule binti aliyekamatwa na mamba akichota maji magharibi, kwenda kukizika, na tangu siku ile usingizi wangu si usingizi. Lakini haya mliyoyafanya hayamrudishi, na yananitia hofu kuliko mto.

Mamba hatumwi, wanangu. Nimevua maji haya zaidi ya miaka arobaini, sijaona mamba mwenye bibi. Nilichokiona ni mnyama anayesubiri. Anajificha kwenye maji yasiyofika goti, juu anabakiza pua, macho na masikio. Kwenye taya ana vidoa vidogo vinavyohisi mtikisiko, hivyo hata usiku wa giza ndoo ikigusa maji anajua ilipo. Hali kila siku kama sisi. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Kwa hiyo hana haraka. Anazoea mahali watu wanaposhukia na saa yao. Leo magharibi, kesho magharibi, keshokutwa palepale. Sasa niambieni, nani alimtuma mwenzake? Mtoto tulimtuma sisi.

Tulimtuma kwa sababu pampu ya kisima imeharibika, huu mwaka wa pili. Tulichangishwa mara mbili, na kila mtu mzima hapa anajua hela hazikufika kwa fundi. Hakuna aliyekwenda kusimama kwenye mlango wa waliozishika. Mlango uliokuwa rahisi ni wa mjane asiye na mtoto wa kiume, mwenye macho mekundu. Macho yale yamewekundishwa na moshi wa kuni! Nchi hii imewaua vikongwe wengi kwa wekundu huo. Sikutegemea kuyaona hayo kwa watoto niliowafundisha kupiga kasia.

Na huyo jike mliyemvunjia kiota, kuna anayejua kama ndiye aliyekamata? Acheni niwasimulie. Nikiwa kijana, mjomba alinilaza kifudifudi kwenye majani, ng'ambo ya fungu la mchanga, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Jike alikuwa amelinda pale karibu miezi mitatu, hali kitu, amekonda shina la mkia, maana kenge yupo siku zote anasubiri ageuke tu aibe mayai. Mara tukasikia sauti chini ya mchanga, ng'wa, ng'wa, kama watoto wa mbwa waliofunikwa kikapu. Akafukua kwa miguu ya mbele taratibu. Lile domo linalovunja mfupa wa nyati likaokota mtoto mmoja mmoja na kumteremsha kwenye mfuko wa taya ya chini. Yai lililogoma kupasuka alilibingirisha kati ya ulimi na kaakaa mpaka likafunguka, mtoto akatoka mzima. Akawapeleka majini. Mjomba hakusema neno siku nzima.

Hutaga mayai 25 hadi 80. Joto la mchanga ndilo linaloamua: karibu nyuzi 32 hadi 34 hutoka madume wengi, likipungua au kuzidi hapo ni majike. Wanaofika ukubwani ni wachache mno, na huwachukua zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo mliowaponda hawakuwa tishio kwa yeyote, na aliye mtoni bado yumo. Miaka ya 50 na 60 wawinda ngozi walimmaliza mamba sehemu nyingi za Afrika, hata mkataba wa CITES, ule wa mataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, ulipoanza kazi mwaka 1975 akawekwa kwenye jedwali la kwanza, lenye ulinzi mkali kuliko yote. Bado watu waliliwa palipobaki hata mmoja, kwa sababu walichota palepale.

Ya kufanya mnayajua. Maji yatekwe mchana, watu wawili, mmoja akiwa amesimama anaangalia. Matumbo ya samaki yasitupwe pa kuchotea. Watoto wasiogee hapo. Ukikuta kitoto cha mamba kinalia usikiguse, mama yupo karibu. Mamba aliyekamata mtu aitiwe askari wa wanyamapori, na familia isaidiwe kufuatilia kifuta machozi, fedha ya serikali kwa waliodhuriwa na wanyamapori, imo kwenye kanuni. Habari ya pampu nitaisimamisha mwenyewe mkutanoni, mbele ya waliokula, na nataka mniunge mkono kwa sauti ileile ya kwenye video.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa mtoni na panga langu. Tunachimbia uzio wa magogo majini, kama waliokuwa wakijenga wazee wetu, ili akina mama wachote ndani yake. Kabla ya kuja piteni kwa bibi. Mlango mlioupiga mateke haufungi tena, na usiku analala ameuegemeza kinu. Nendeni na nyundo na misumari.

Babu yenu, mvuvi mstaafu