Walimu vijana, hilo neno kilaza liacheni

Wanangu walimu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, sasa nisikilizeni mzee wenu niliyeshika chaki miaka thelathini na kitu. Juzi nimewasikia chai ya saa nne, huyu kipanga, yule kilaza, na mtoto mwenyewe kasimama mlangoni na rundo la madaftari anawasikia.

Hivi mnajua vipimo vya akili vilianzaje? 1905 kule Paris, mwanasaikolojia Alfred Binet na mwenzie Théodore Simon walitunga maswali wajue watoto gani wanahitaji kusaidiwa zaidi darasani, basi. Binet alikuwa hakubali kabisa kwamba akili ya mtu haibadiliki. Vipimo vikavuka bahari, 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akavitengeneza upya, na namba ya IQ, ile alama ya akili, ikawa chapa ya ng'ombe, ukishapigwa umepigwa.

Ila kinachonikosesha usingizi mimi ni utafiti wa mwanasaikolojia Robert Serpell, 1979. Aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ileile, kunakili maumbo. Kwa kalamu na karatasi Manchester wakaongoza, kwa waya Lusaka wakaongoza, kwa udongo ngoma droo. Sasa kilaza nani hapo? Hao wa Lusaka wamekua wanakunja magari ya waya kama hawa wenu. (Huyohuyo Serpell alikuta Wachewa wa Zambia wakisema mtoto ana nzelu, yaani akili, kujibu haraka hakutoshi, lazima awe anatumika akitumwa. Bibi yangu angekubali.)

Mimi nilishamnyang'anya mtoto wa la nne gari la waya, usukani mrefu, matairi ya kandambili, linakata kona kweli. Nikamchapa mbili, nikamwambia akazane na hesabu, gari nikatupia juu ya kabati. Jioni ofisi tupu nikalishusha nione zile tairi za mbele kazifungaje hadi zinageuka pamoja, nikakunja waya nusu saa nzima, wapi! Na hesabu nafundisha mimi. Sikumrudishia, wala sikumuuliza.

Mitihani siikatai, tungeni tu. Ila mwezi huu mkishasahihisha, kabla hamjabandika nafasi ukutani, kaeni na yale majibu ya kukosa muone kila mtoto kakwama wapi, Binet alitaka hicho. Na yule wa mlangoni mwiteni, mumuulize nyumbani huwa anatengeneza nini.