Utulivu wa kichanga: barua kwa rafiki aliyejifungua

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi na hongera ya uzazi. Barua yako niliipata juzi jioni, nikaisoma mara mbili, hasa pale ulipouliza utajuaje kwamba kichanga wako wa siku tisa anaumwa ilhali hawezi kusema, na pale ulipoeleza kikohozi na kuhara kwa kaka yake anayekaribia miaka mitatu. Mimi si daktari, na nakuomba ulikumbuke hilo unaposoma. Haya ni mambo niliyofundishwa na wakunga na wauguzi nilipokuwa nikiwalea wanangu, na moja kati yake nilijifunza kwa uchungu.

Mtoto wangu wa kwanza alipofikisha siku sita alianza kulala kupita kiasi. Kila aliyekuja kumwona alimsifu kuwa mtoto mtulivu, nami niliyekuwa sijapata usingizi kwa siku kadhaa nilizipokea sifa hizo kwa furaha. Nilipomwamsha anyonye, alivuta mara mbili au tatu, kisha akaliachia titi na kusinzia tena. Hakuwa na joto lolote. Miguu yake ilikuwa ya baridi, nikamwongezea blanketi. Mkunga aliyepita kututazama aliweka kiganja juu ya kifua chake, akaniuliza amenyonya mara ngapi tangu alfajiri, na niliposhindwa kujibu akatuambia tuondoke kwenda hospitali saa ileile. Alikuwa na maambukizi katika damu. Alitibiwa, akapona, na sasa ni mkubwa kunizidi kimo, lakini sijasahau kwamba nilichokiita utulivu kilikuwa ugonjwa.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ninalokuomba ulitazame ni unyonyaji wake, hata kabla ya kushika kipimajoto. Kichanga mwenye afya hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo, na huvuta kwa nguvu. Akikataa titi au akinyonya kwa udhaifu tofauti na jana, akilegea, akiwa hajongei mpaka aguswe, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au mbavu zake za chini zikibonyea sana kila anapovuta hewa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mwili wa kichanga mgonjwa unaweza kupanda joto au kushuka. Ukimpima kwapani ukakuta nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, hatari ni ileile. Usimpe dawa ya homa ukisubiri kukuche, kwa maana katika umri huu homa haitibiwi nyumbani hata kidogo. Njiani mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, mkiwa mmefunikwa pamoja, na uendelee kumnyonyesha ikiwa anaweza.

Umeniuliza pia kuhusu umanjano. Vichanga wengi hupata rangi hiyo kuanzia siku ya pili au ya tatu, kwa sababu ini lao bado halijawa na uwezo wa kutosha wa kuondoa bilirubini, yaani rangi ya njano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika, na kwa wengi hupungua yenyewe kabla ya wiki mbili kuisha. Mtazame kwenye mwanga wa mchana, ubonyeze ngozi kwa kidole na kuachia, uone kama ina umanjano. Umanjano uliotokea ndani ya saa 24 za kwanza, uliofika kwenye viganja na nyayo, au unaoambatana na usingizi mzito na kutonyonya, unahitaji kupimwa siku hiyohiyo. Kumweka juani si tiba yake, ingawa utaambiwa hivyo na watu wengi wanaokutakia mema. Kitovu nacho kiache kikavu na safi, bila kukipaka chochote ambacho mhudumu wa afya hakukuagiza. Ukiona wekundu unaosambaa kwenye ngozi ya tumbo, au usaha, usingoje. Kinyesi chake chepesi cha rangi ya njano kisikutishe, kwani ndivyo kilivyo kwa mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake.

Sasa nije kwa kaka yake. Kikohozi chenye mafua kwa kawaida huisha bila dawa ya kuua vijasumu, na dawa za maji za kikohozi zinazouzwa bila kuandikwa na daktari mimi sizipendi kabisa kwa mtoto wa umri wake. Kazi yako ni kumhesabia pumzi. Subiri atulie au alale, funua kifua, uhesabu kwa dakika nzima ukiwa na saa, kwa sababu ukihesabu nusu dakika na kuzidisha utakosea kwa urahisi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni dalili ya kufikiria nimonia. Kwa wa miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Kifua kikibonyea, au akitoa sauti ya kukwaruza anapovuta hewa akiwa ametulia, hapo hakuna tena cha kuhesabu, mpeleke.

Kuhara kunatisha kwa sababu ya maji yanayopotea. Changanya pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, usipunguze wala usizidishe, na umwage kilichobaki baada ya saa 24. Kwa umri wake mpe mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo, kwa kikombe au kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole. Uliza pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na usivikatishe kuhara kukikoma. Aendelee kula. Macho yakididimia, ngozi ya tumbo uliyoifinya ikichelewa kurudi, akashindwa kunywa, akalegea, au ukaona damu kwenye choo, ORS ya nyumbani haitoshi, mpeleke hospitali.

Akipata homa, parasetamoli hupimwa kwa uzito wake, kwa hiyo mwombe mfamasia akuandikie kipimo chake, aspirini usimpe. Degedege likimpata, mlaze ubavu, usimtie chochote kinywani, tazama saa, na uende naye hospitali hata likikoma mapema. Ikiwa mnaishi penye malaria, kila homa yake ipimwe damu.

Ninajua utaona haya kurudi hospitali mara ya pili kwa jambo ambalo huenda likawa dogo. Rudi tu, dada yangu. Mimi nimewahi kurudishwa nyumbani na mtoto mzima mara kadhaa, na sikujuta hata mara moja.

Utakaponijibu, niandikie kwanza mtoto alinyonya mara ngapi siku hiyo, kisha ndipo unipe habari nyingine.

Rafiki yako akupendaye